Barza ya Mwalimu: Filta Iliyovunjika na Lenzi ya Kuazima



Mwezi uliopita niliwaahidi kwamba safari hii tutaendelea na mazungumzo yetu juu ya kuwafunza watoto kuwaandikia bibi zao barua za Kiswahili. Naomba radhi, ahadi hiyo naisogeza mbele kwa mwezi mmoja. Limetokea jambo hapa Stafford, juu ya meza ya gereji yangu, na habari zake zimekwisha kunitangulia. Watu watatu wamenipigia simu, wawili wa hapa Houston na mmoja wa upande wa Dallas, wote na swali lile lile: je, ni kweli mwalimu amekata lenzi ya kamera kwa msumeno?

Msumeno ulitumika, sikatai. Lakini kilichokatwa si lenzi, na kwa kuwa kamera zimo katika nyumba nyingi zetu, na watoto wetu kadhaa wameifanya kazi ya picha kuwa riziki yao ya mwisho wa wiki, naona ni bora niieleze habari hii kama ilivyokuwa kabla haijazidi kuota mabawa.

Ilikuwa Alhamisi, baada ya magharibi. Kijana mmoja ambaye kwangu ni mjukuu, mtoto wa binti wa dada yangu, aligonga mlango hali amebeba kitu kilichofungwa kwa taulo la jikoni. Jina lake silitaji, kwa kuwa ameniomba. "Shikamoo, Babu," akasema, na kabla sijamaliza kuitikia marahaba akalifungua taulo. Ndani yake mlikuwa na lenzi kubwa, na mbele yake kioo kilichopasuka kama utando wa buibui. Ilikuwa imemponyoka mkononi alipokuwa akitoa vitu vyake garini, ikaangukia saruji kwa ukingo wake wa mbele. Jumamosi alikuwa na nikaha ya kupiga picha, na malipo ya mwanzo alikwisha kuyapokea. Tena lenzi yenyewe haikuwa yake. Aliiazima kwa mwenzake wa kazini.

Nilimwambia aketi kwanza. Kisha tukaiangalia pamoja kwa tochi.

Kila aonaye kioo cha mbele kimepasuka hudhani kwamba lenzi imekufa. Aghalabu sivyo. Wapiga picha wengi hufunga mbele ya lenzi pete yenye kioo kingine chembamba, nayo ndiyo iitwayo filta. Kioo cha filta ni bapa kama cha dirisha, ilhali kioo cha lenzi chenyewe kimekaa chini yake na mara nyingi kina mbinuko. Ukimulika tochi kwa ubavu utaona kama nyufa zinaishia kwenye kile cha juu, na kama kile cha chini bado kinarudisha mwanga uliotulia, usiokatika. Cha kwetu kilirudisha mwanga mzima. Kijana akashusha pumzi.

Lakini kulikuwa na jambo alilokuwa hajanieleza. Vipande viwili vya filta vilikuwa vimekwisha kudondokea ndani, na yeye pale pale kwenye uwanja wa magari, kwa hofu, alivipangusa kwa ncha ya shati. Hilo ndilo kosa la siku ile, na lilikuwa kubwa kuliko kuanguka. Vumbi la kioo ni kioo. Ugumu wake ni kama wa kile unachokipangusa. Na juu ya kioo cha lenzi kumepakwa utando wa kupunguza mng'ao, ambao unene wake wote haufiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita. Ukisugua mara moja tu umekwisha kuandika mstari usiofutika. Tuliuona mstari huo baadaye, mwembamba kama unywele, karibu na ukingo.

Kwa hiyo, msomaji, likikufika jambo kama hili, sharti la kwanza ni kuigeuza lenzi itazame chini, na ibaki ikitazama chini mpaka kipande cha mwisho kimetoka. Usipanguse, usipulize kwa mdomo (mate nayo yana taabu yake), wala usifunge kifuniko, kwa maana kifuniko hukisukuma kioo kilicholegea kikaenda kukutana na kile kizima. Ibebe hivyo hivyo, uso chini, hadi mahali penye meza na taa.

Mahali hapo pasiwe sebuleni. Sisi ni watu wa kuketi chini, watoto hutambaa juu ya zulia na sisi wenyewe husali hapo hapo. Kipande cha kioo kikizama katika zulia hutakiona tena ila kwa mguu. Sisi tulikwenda gereji, tukatandika gazeti, juu yake karatasi nyeupe. Nilivaa miwani ya kazi na glavu. Kijana aliishika lenzi hewani, uso chini, nami nikaigonga pete ya filta polepole kwa penseli. Vipande vikubwa vilianguka kwenye karatasi. Vile vilivyong'ang'ania ukingoni nilivitoa kwa kibano, kimoja kimoja, nikianzia vilivyolegea, nikivivutia nje na chini na wala si ndani. Vumbi lililobaki tuliliondoa kwa ile pampu ndogo ya mpira wanayotumia wapiga picha, lenzi ikiwa bado inatazama chini. Mke wangu alituletea donge la unga uliobaki wa chapati ili tugandishie chembe zilizotawanyika mezani, na kwa kazi hiyo sijaona kitu kinachoushinda. (Mezani, nasema. Asije mtu akalipeleka donge la unga kwenye lenzi.)

Ikabaki pete tupu, na hapa ndipo wengi huharibu.

Pete ya filta ina hesi kwa nje, na lenzi ina hesi kwa ndani; ya kwanza huingia katika ya pili kama kifuniko cha chupa kilichogeuzwa. Hesi hizi ni nyembamba sana. Kwenye lenzi nyingi, mzunguko mmoja mzima huisogeza filta robo tatu tu ya milimita. Ukingo ukibonyea hata kidogo, hesi huumana. Na pete nyingi ni za alumini, kadhalika kingo nyingi za lenzi, na alumini juu ya alumini ina tabia ya kung'ang'aniana inapobanwa. Zile za shaba ya manjano hazina ukaidi huo, ndiyo maana bei yake hupanda.

Mtu asiyejua huchukua koleo, akaibana pete pande mbili, akazungusha kwa nguvu zote. Pete iliyokuwa duara huwa yai. Pale alipoibana imeingia ndani, lakini pande nyingine mbili zimetanuka nje na kuzidi kuuma hesi za lenzi, hivyo kadiri anavyobana ndivyo anavyoifunga. Nasema hivi kwa kuwa mimi mwenyewe nilifanya, tena nikiwa mwalimu wa fizikia.

Ilikuwa Mombasa, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nilikuwa na kamera ya Pentax K1000, ile ya chuma isiyo na mapambo, na lenzi yake ya milimita 50 ambayo mdomo wake huchukua filta ya milimita 49. Filta niliifunga siku niliyoinunua, nikaiacha humo miaka, katika hewa ya bahari. Mwenye kuishi pwani anajua chumvi ifanyavyo kwa bawaba na misumari. Kwa hesi za alumini hufanya vile vile, ila kwa siri. Nilipotaka kuitoa haikutoka. Nikatumia koleo, nikaipinda. Nikavuka feri na lenzi yangu mfukoni kwenda Likoni, ambako siku zile wapiga picha walikuwa wamejipanga karibu na kivuko na vibanda vyao, nyuma wametundika mandhari ya meli na ndege na majumba, na abiria akishuka hupigwa picha kana kwamba yuko safarini kwenda nchi za mbali. Mzee mmoja katika wao aliitazama lenzi, akanitazama mimi, kisha akavua ndara yake ya mguu wa kulia, champali kama tusemavyo sisi. Aliipangusa kwa kitambaa, akaiweka kwenye kigoda, soli juu. Akaigeuza lenzi uso chini, pete ikakaa sawasawa juu ya mpira, akaikandamiza kwa kiganja na kuizungusha mara moja tu. Pete ikabaki kwenye ndara. Hakutaka malipo. Aliniuliza ninafundisha somo gani, nami nikamwambia jiografia.

Siri ya ndara si siri. Mpira unaishika pete yote, mzunguko mzima, kwa nguvu iliyo sawa, wala hakuna mahali inapobanwa ikawa yai. Kwa sababu iyo hiyo husaidia glavu ya mpira ya kuoshea vyombo, au utepe mpana wa mpira uliozungushwa nje ya pete. Madukani kuna mikono maalumu ya plastiki ya kushikia filta, nayo hufanya kazi hiyo hiyo kwa bei nafuu. Angalia tu kwamba unapoitazama lenzi kwa mbele, filta hufunguka kinyume na mwendo wa akrabu za saa. Ukiikandamiza uso chini juu ya ndara, wewe umekaa nyuma yake, lakini kwa kuwa sasa unaizungusha lenzi na si filta, mkono wako utakwenda upande ule ule, kinyume na akrabu. Nimeona watu wazima wakikaza kwa nusu saa wakidhani wanafungua. Na tafadhali usijaribu ndara kabla hujaondoa kioo chote kilichovunjika.

Tulipokuwa tukiitafuta ndara, mama yake kijana alipiga simu na shauri la kutia lenzi kwenye friza. Shauri hili lina umaarufu, kwa hiyo tulikaa tukalipigia hesabu. Alumini hunywea kiasi cha sehemu 23 katika milioni kwa kila digrii moja ya Selsiasi. Pete ya milimita 67, ikitoka chumba cha digrii 24 ikaingia friza ya digrii 18 chini ya sifuri, itapungua upana wake kwa takriban milimita 0.06. Vema; lakini lenzi inayoishika, ikiwa nayo ni ya alumini, itapungua kadiri iyo hiyo, na hatukupata faida. Na ikiwa mdomo wa lenzi ni wa plastiki tumekula hasara, kwa sababu plastiki nyingi hunywea kuliko alumini, nao mdomo utaikamata pete kwa nguvu zaidi. Zaidi ya hayo, tuko Houston. Kitu chenye baridi kikitolewa katika hewa yetu ya unyevu, huloa papo hapo kama gilasi ya maji ya barafu, na unyevu huo hauishii nje; huingia kati ya vioo, mahali ambapo kitambaa hakifiki. Kwa hiyo friza tuliiachia samaki.

Ndara ya safari hii, lakini, haikufaulu. Tulijaribu mara tatu. Pete ilisogea kiasi cha upana wa ukucha, kisha ikakwama, kwa sababu palipopiga saruji ukingo ulikuwa umeingia ndani, pete na mdomo wa lenzi vimeumana kama meno. Kijana akaanza kuongeza nguvu. Nikamzuia, kwa maana nyuma ya mdomo huo kuna mitambo midogo ya kusogeza vioo, na nguvu isiyoweza kuizungusha pete hutafuta kitu kingine cha kuzungusha.

Hapo ndipo ulipoingia msumeno. Au, nikisema kweli, ubao mmoja wa meno ya msumeno wa chuma, bila fremu, niliouzungushia utepe upande mmoja ili uwe mpini. Kwanza tulikata duara la kadibodi ngumu, tukaliweka juu ya kioo cha lenzi bila kukigusa, kingo zake tukazifunga kwa utepe wa gundi ili chembe za chuma zisipite. Kisha, mbali na pale palipobonyea, nikaikata pete kutoka ndani kuelekea nje, kidogo kidogo, lenzi imelazwa ubavu ili unga wa alumini uangukie mezani. Usikate mpaka mwisho. Ukikaribia hesi, simama. Huo uzi mwembamba uliobaki utakatika wenyewe. Nilifanya mkato mmoja, na wa pili kiasi cha milimita tano kando yake. Kile kipande cha katikati nikakikamata kwa koleo yenye mdomo mwembamba, nikakikunja kwa ndani, kikang'oka. Pete iliyokosa kipande haina tena nguvu ya kusukuma nje. Niliisogeza kwa vidole kuelekea katikati, ikalegea pande zote, ikatoka kama ngozi ya kitunguu. Saa yangu ilionyesha dakika 80 tangu tulipotandika gazeti.

Mdomo wa lenzi ulibaki na bonyeo pale pale, na hesi mbili zimelala. Iko jeki ndogo, imetengenezwa kwa kazi hii, inayousukuma ukingo urudi kuwa duara; mimi sina, na kwa koleo singethubutu. Lenzi hiyo haitapokea filta tena mpaka ipite kwa fundi. Lakini kifuniko chake cha kubana bado kinashika, na kile kivuli cha plastiki kinachofungwa kwa nje bado kinaingia.

Lenzi iliyoanguka yaweza kuonekana nzima kwa nje na ndani yake kioo kimoja kimehama kikakaa upande. Kwa hiyo tulibandika kwenye mlango wa gereji kurasa nne za toleo la zamani la jarida letu hili, moja kila pembe, tukaiweka kamera juu ya kigoda mbele yake, tundu la lenzi limefunguliwa lote, tukapiga. Kama pembe moja inasomeka na ya mkabala wake ina ukungu, kuna kilichohama. Herufi za pembe zote nne zilisomeka sawa, hata zile ambazo mashine yetu ya kunakili ilikwisha kuzififiza. Ule mstari wa shati haukuonekana pichani. Tulipogeuza kamera ikaitazama taa, ndipo ukatoa kijimwale chembamba upande mmoja.

Basi kijana akafurahi, akasema kesho atanunua kifuniko kipya na filta mpya aitie ndani ya mkoba, lenzi airudishe Jumatatu, na mwenyewe hatajua. Sikumjibu. Niliendelea kufagia meza. Lenzi ya kuazima ni amana, naye analijua neno hilo tangu madrasa. Sikuona haja ya kumfasiria. Baada ya muda akatoka nje, akasimama kwenye njia ya gari, na kupitia mlango wa gereji nikamsikia akipiga simu. Alieleza yote, pamoja na shati, pamoja na msumeno. Upande wa pili palikuwa kimya kirefu, kisha akaulizwa swali moja: Jumamosi utapiga na nini? Akaambiwa aitumie lenzi hiyo hiyo, na mengine watazungumza baadaye. Wamekwisha kuzungumza. Ataichukua yeye, kwa malipo ya miezi minne, na mwenzake atanunua nyingine. Kwa bei aliyotajiwa, picha za Jumamosi ile hazikumbakishia kitu.

Sasa wenzake wanamwambia, "Ashukuriwe aliyebuni filta, ndiyo iliyoiokoa lenzi." Mimi sikubaliani nao, na nadhani nina haki ya kusema hivyo kwa kuwa vipande nilivitoa mimi. Kioo cha filta ni chembamba na huvunjika kwa pigo ambalo kioo nene cha lenzi kingelivumilia. Kuvunjika kwake si ushahidi kwamba cha chini nacho kingevunjika. Pigo lilipokelewa na ukingo. Na mkwaruzo pekee ulioko kwenye lenzi hiyo umeletwa na vipande vya filta yenyewe, kwa msaada wa shati. Kile kivuli cha plastiki, ambacho siku ile kilikuwa mkobani, kingeanguka chini kabla ya ukingo na pengine kupasuka chenyewe, na kukibadilisha ni kazi ya dakika moja.

Filta ya kuzuia mionzi ya urujuanimno ilikuwa na maana yake zama za filamu, kwa kuwa filamu iliiona mionzi hiyo na picha za milimani na baharini zikatoka na ukungu wa buluu. Kamera za siku hizi zina kinga hiyo ndani yake. Ukenda pwani, iwe Nyali au Galveston, ifunge bila kusita, kwa sababu ya mchanga na chumvi. Ukirudi ifungue siku hiyo hiyo, pitisha brashi kavu kwenye hesi, na ukiirudisha acha vidole viwili viikaze, visiwe vitano. Katika ukumbi wa harusi wenye taa nyingi, kioo cha ziada kinarudisha mwanga na kutupa vivuli vya taa juu ya uso wa bibi harusi. Humo mimi ningeitoa.

Pete iliyokatwa ninayo, katika kopo la misumari, kwa atakayetaka kuona hesi zilivyolala. Na yeyote mwenye filta iliyokwama, nyumba anaijua. Aje Jumapili baada ya alasiri, lenzi ikiwa inatazama chini, na aje na ndara yake, maana ile yangu mke wangu amekataa isirudi kuvaliwa ndani baada ya kukaa kwenye meza yenye vioo. Mwezi ujao, inshaallah, tutarejea kwenye barua za watoto kwa bibi zao, na wale walioahidi kuniletea nakala za barua nawakumbusha kwamba nne tu ndizo zilizofika.